Deni Letu kwa Kisima



Juma hili twaomba kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana kuwa la mafundi bomba na wahandisi, wala si la padre na waumini wake. Ni habari ya maji yaliyo chini ya ardhi, yale tuyapandishayo kwa pampu na kuyauza kwa dumu, na habari ya mvua ambayo ndiyo pekee iwezayo kuyarudisha pale yalipotoka. Sisi tuishio katika kanda hii kavu ya katikati ya Tanzania tunavijua visima vizuri. Kisima kirefu kinapopata maji tunafurahi, tunakibariki, tunapiga picha na wafadhili, kisha tunafungua bomba. Katika sherehe hizo zote swali moja halisikiki hata kidogo: maji haya yatakapopungua, ni nani atakayeyajaza?

Wengi wetu hufikiri kwamba chini ya miguu yetu umo mto au ziwa lisilokwisha, na kwamba kazi ya mchimbaji ni kulifikia tu. La hasha. Katika sehemu kubwa ya nchi hii maji hukaa ndani ya nyufa za miamba ya kale na katikati ya chembe za mchanga na udongo uliotokana na miamba hiyo kuoza. Ni kama kibubu cha mtoto. Senti huingia moja moja kwa tundu dogo, na akija mtu mzima mwenye shida akakivunja, fedha ya mwaka mzima huisha kwa siku moja. Pampu ya umeme ndiyo huyo mtu mzima. Wakati wa kamba na ndoo, mikono ya wanadamu ilichoka kabla ya kisima kuchoka. Siku hizi kisima ndicho kitangulizacho kuchoka.

Dodoma yatupa mfano ulio wazi kuliko mingine yote. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya serikali yahamie huko, lakini kuhama kwenyewe kulikwenda kwa mwendo wa kobe mpaka mwaka 2016, serikali ilipoamua kuhama kwa dhati. Mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 410,956 katika manispaa ile. Sensa ya mwaka 2022 ikawakuta 765,179. Kwa miongo mingi umati huo umetegemea zaidi maji ya visima virefu vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji, mahali ambapo mvua ya mwaka mzima ni milimita 550 hivi, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili tu. Miezi saba iliyobaki ni vumbi.

Kuna jambo moja kuhusu Makutupora ambalo laiti lingehubiriwa kila mahali. Kina cha maji cha visima vyake kimepimwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu hiyo ni miongoni mwa zile ndefu kabisa za aina yake katika nchi kavu za tropiki. Uchambuzi wa vipimo vya miaka 55, uliofanywa na wanasayansi wa Tanzania na Uingereza na kuchapishwa katika jarida la Nature Climate Change mwaka 2013, ulionesha kwamba bonde lile halijazwi na mvua za kawaida. Mwaka huja na mvua yake, mahindi na mtama huota, watu hushukuru, lakini kisima hakipati kitu. Maji yanazidi kushuka tu. Kisha hutokea mara chache msimu wa mvua kubwa mno, aghalabu ule wa El Niño, na ndani ya miezi michache maji hupanda na kufidia upungufu wa miaka kadhaa. Mkubwa kuliko yote ulikuwa msimu wa 1997/98. Sote tulioishi wakati ule tunaikumbuka mvua ile kwa madaraja yaliyobomoka na barabara zilizokatika. Kumbe wakati tukilia juu ya madaraja, kibubu cha chini kilikuwa kinajaa.

Yafaa tulitafakari jambo hilo kwa utulivu. Maana yake ni kwamba gharika, ambayo sisi huiombea ipite haraka, ndiyo siku ya malipo ya kisima. Wataalamu wametambua pia kwamba katika bonde lile maji mengi hupenya kupitia vitanda vya mito ya msimu, kama ule Kinyasungwe Mdogo, mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni njia ya mchanga ipitwayo na ng'ombe. Maji yakipita juu ya mchanga huo taratibu na kwa siku nyingi, huzama. Yakipita kwa hasira na kwa saa chache, hukimbia. Na yanakimbilia wapi? Mto huo ni mkono wa Kinyasungwe, ushukao kuelekea Gulwe na Kilosa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya mto huo yaling'oa reli ya kati baina ya Kilosa na Gulwe, na treni zikakosa kupita kwa miezi kadhaa. Maji hayo hayo ambayo nchi ya juu ingeyahitaji kwa uhai yalifika nchi ya chini yakiwa maangamizi. Hakuna haja ya kumlaumu Mungu kwa kutoa kidogo. Alitoa kingi kwa siku chache, na hapakuwa na mahali palipoandaliwa kupokea.

Badala ya kuandaa mahali pa kupokelea, miji yetu inaziba hata yale yaliyokuwapo. Kila nyumba mpya ni bati jipya. Uani hutandazwa vitofali vya saruji ili gari lisichafuke. Barabara ya mtaa ikiwekewa lami, wakazi hushangilia, nasi twashangilia pamoja nao, ila mtaro wa pembeni umejengwa kwa kusudi moja tu: kuyatoa maji mtaani upesi iwezekanavyo. Vichaka vilivyokuwa vikiyachelewesha vimekuwa mkaa. Hivyo mvua ile ile ya zamani, juu ya ardhi ile ile, leo hutoa mafuriko makubwa zaidi na kisima kitupu zaidi.

Na tusiyatazame mapaa ya wengine tu. Tulitazame la kanisa. Tuchukue kanisa la wastani, la upana wa mita 20 na urefu wa mita 40. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Basi paa hilo la mita za mraba 800, katika mwaka wa mvua ya milimita 550, hupokea lita 440,000. Tukitoa sehemu ya tano kwa yale yanayoruka na kukauka, zinabaki lita 352,000, yaani madumu 17,600 ya lita ishirini. Maji haya yote aghalabu huanguka kutoka kwenye ukingo wa bati, huchimba mfereji kando ya msingi wa kanisa, hubeba udongo wa bustani ya masista na kupotelea korongoni. Siku ya tatu baadaye akina mama wanaofanya usafi wa kanisa hununua maji ya kudekia.

Mtu atasema: basi tununue tangi. Vema sana, na kila parokia yenye uwezo na inunue. Lakini hesabu yenyewe haimalizwi na tangi. Tangi la lita 10,000 katika kanisa tulilolitaja hujazwa na mvua moja ya milimita 16 hivi. Mvua ya pili ikija juma hilo hilo, tangi limekwisha kujaa, na maji yote ya msimu unaofuata humwagika kama kwamba tangi halipo. Nalo likitumiwa madumu hamsini kwa siku, hudumu siku kumi. Kiangazi chetu kina siku zaidi ya mia mbili. Ghala pekee lenye ukubwa wa kutosha kuibeba masika mpaka masika ni ardhi yenyewe, ambayo haikodishwi, haipasuki kwa jua, na haiwezi kuibwa usiku na wauza vyuma chakavu.

Hapa ndipo tunapofika penye kiini cha neno letu la leo, na tunaomba mtuvumilie. Tangi lina mfuniko na kufuli. Aliyelinunua anajua maji yaliyomo ni yake, na jirani akitaka ataomba au atanunua. Maji yaliyorudishwa ardhini hayana kufuli. Ukichimba shimo lako, ukalijaza kokoto, ukaelekeza maji ya paa lako humo, maji yatazama na kwenda yaendako. Huenda yatapanda kidogo katika kisima chako. Huenda yatapanda katika kisima cha jirani asiyekusalimu, au cha mjane wa bondeni ambaye hujapata kumwona, au yatachotwa miaka mitatu baadaye na mtoto ambaye leo hajazaliwa. Hutajua kamwe, na hakuna atakayekuja kukushukuru. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sababu halisi ya watu kununua matangi wala wasichimbe mashimo, ingawa shimo ni rahisi kuliko tangi. Si kwamba hawajui. Ni kwamba shimo ni sadaka isiyo na risiti.

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, tunasoma habari za Isaka aliyevikuta visima vya baba yake Ibrahimu vimefukiwa udongo na Wafilisti. Alivichimbua upya, akavirudishia majina yale yale aliyoviita baba yake. Wachungaji wa Gerari wakagombana na watu wake wakidai maji ni yao, akaondoka, akachimba kingine, wakagombana tena, mpaka akapata kisima kisichogombaniwa. Wahubiri wengi husifu uvumilivu wake, na ni haki. Sisi twapenda kutazama jambo dogo zaidi: Wafilisti wale hawakuyateka maji yale kwa faida yao. Waliyafukia tu, wakakosa wote. Ukiupita mji wowote wa nchi yetu wakati wa mvua ukaona maji yanavyozuiwa kuingia ardhini kwa saruji na takataka, utaona kwamba kufukia visima si habari ya zamani.

Kuna pia suala la haki ambalo haliwezi kukwepwa. Visima havina kina sawa, na kina hununuliwa. Mwenye fedha, au taasisi yenye wafadhili, huchimba mita mia na zaidi, na kutia pampu yenye nguvu. Kisima cha mikono cha mita kumi, kilichochimbwa na vijana wa mtaa kwa sululu, hukauka kwanza. Mwenye kisima kifupi anakuwa mteja wa mwenye kisima kirefu, na anauziwa kwa dumu maji ambayo jana aliyachota bure uani kwake. Katika kanda hii taasisi nyingi zenye visima virefu ni zetu sisi: parokia, seminari, shule, hospitali, nyumba za watawa. Hatusemi visima hivyo visingechimbwa. Vimeokoa maisha, na mama ajifunguaye hospitalini hana haja na falsafa yetu bali na maji. Tunasema tu kwamba mwenye kuteka kwa wingi ana deni kubwa kuliko mwenye kuteka kwa ndoo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, inayahesabu maji kuwa mali ya umma, na inataka mwenye kisima kirefu awe na kibali kutoka bodi ya bonde. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliyaita maji salama ya kunywa haki ya msingi ya kila binadamu, akahuzunishwa na mwelekeo wa kuyageuza kuwa bidhaa ya soko. Kibali chaturuhusu kuteka. Hakitufutii deni.

Je, kurudisha maji ardhini kumewahi kufanikiwa, au ni ndoto ya mwandishi? Mkoa wetu wenyewe una ushahidi, nao una pande mbili. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Nchi ya Kondoa ilikuwa imechimbika makorongo ya kutisha kwa mmomonyoko. Mradi ulijenga makingamaji kufuata kontua, ukapanda miti, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika, lenye ukubwa wa zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Miaka haikuwa mingi kabla ya majani na vichaka kurudi, na maji ya mvua yaliyokuwa yakitimka juu ya ardhi tupu yakapata cha kuyazuia. Hilo ni jema, na apitaye Kondoa leo aweza kuliona kwa macho. Lakini ng'ombe wale walikuwa na wenyewe. Walihamishiwa malisho ya mbali au waliuzwa, na familia zilizoishi kwa maziwa ziliulipia uponyaji wa ardhi kwa niaba ya watu wote, pamoja na watu wa mijini ambao hawakulipa kitu. Tunalitaja hili ili tusije tukafikiri kwamba deni la kisima lapaswa kulipwa na mfugaji na mkulima peke yao, huku mwenye bati la mita mia nane akiwapa semina.

Kwa jirani zetu wa Kitui nchini Kenya, tangu miaka ya 1990 wanavijiji wamejenga mabwawa ya mchanga kwa mamia. Ukuta wa zege hukingwa kwenye mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta. Na maji hukaa katikati ya chembe za mchanga, ambako jua haliwezi kuyanyonya kwa urahisi wala mbu hawezi kutaga. Polepole yanapenya pia kwenye kingo, na visima vya kando ya mto hudumu mwezi mmoja au miwili zaidi ya ilivyokuwa. Mgogo yeyote aliyepata kufukua mchanga wa korongo wakati wa kiangazi ili kunywesha mbuzi hahitaji kuelezwa kanuni hiyo. Kilichoongezwa ni ukuta, na umoja wa kuujenga.

Mbali zaidi, katika wilaya kavu ya Alwar, jimbo la Rajasthan nchini India, bwana mmoja aitwaye Rajendra Singh alifika mwaka 1985 akitaka kuanzisha tiba na elimu, na wazee wakamwambia kwamba shida yao ni maji. Walichojenga pamoja hakikuwa kitu kipya. Kilikuwa johadi, vibwawa vya udongo vya mababu, vilivyoachwa visindikane na tope baada ya pampu kuingia. Kimoja, kumi, kisha mamia. Visima vikapanda, na katika miaka ya 1990 mto Arvari, uliokuwa ukitiririka wakati wa mvua tu, ukaanza kutiririka mwaka mzima. Mwaka 1999 vijiji vya bonde lile vikaunda bunge lao la mto, maana walitambua kwamba maji yakirudi, ulafi nao hurudi, na pasipo makubaliano juu ya nani apande nini na ateke kiasi gani, watayamaliza tena. Rajendra Singh alitunukiwa Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 2015. Twalipenda bunge lile kuliko tuzo.

Mfano wa kutuonya ni wa nchi hiyo hiyo. Mwaka 2003 serikali ya jimbo la Tamil Nadu ililazimisha kila jengo, pamoja na ya mji mkuu Chennai, liwe na mfumo wa kuvuna maji ya mvua. Watu walitii, na maji ya visima yakapanda. (Amri ya namna hiyo ina umri mkubwa: Mesha, mfalme wa Moabu atajwaye katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, aliandika juu ya jiwe, lililoko sasa makumbusho ya Louvre, kwamba aliwaagiza watu wa mji wake kila mmoja achimbe birika nyumbani mwake.) Lakini mashimo mengi ya Chennai yaliachwa yazibwe na tope na majani, na maziwa ya asili ya kandokando yakaendelea kujengwa majumba. Mwaka 2015 mji ule ulizama katika mafuriko. Mwaka 2019 mabwawa yake manne makubwa yalikauka karibu kabisa, na watu wakapanga foleni nyuma ya magari ya maji. Miaka minne tu baina ya gharika na kiu, mahali pamoja.

Sasa tuseme yanayowezekana hapa petu, bila kutia chumvi. Shimo la kupenyeza maji si kazi ya mkandarasi. Shimo la mita mbili kwa mbili na kina cha mita mbili, lililojazwa mawe makubwa chini, kokoto katikati na changarawe na mchanga juu, laweza kushika lita kama 3,000 kwa mara moja katika nafasi zilizo kati ya mawe, na kuzipenyeza taratibu huku likipokea nyingine. Maji ya paa yaletwe kwa gata na bomba. Kwanza yajaze tangi, na ziada ya tangi ndiyo iende shimoni. Mvua za mwanzo wa msimu zitupwe pembeni, kwa kuwa hubeba vumbi na vinyesi vya ndege. Shimo liwe mbali na choo, mita 30 au zaidi, na lisiwe karibu na mahali pa kumwaga mafuta ya magari. Maji ya barabarani na ya zizi yasiingizwe humo, na kwa hali yoyote ile mtu asimimine maji machafu moja kwa moja katika kisima kirefu kilichokauka kwa kudhani anakijaza. Anakitia sumu, na sumu ya chini haina wa kuisafisha. Tayari visima kadhaa vya miji yetu vina naitreti kutokana na vyoo vya shimo.

Si kila udongo unafaa. Katika mbuga zenye udongo mweusi wa mfinyanzi maji hayazami; hutuama na kufuga mbu. Chimba kishimo kidogo kwanza, kijaze maji, ukitazame. Yakiwa bado yamo baada ya siku mbili, tafuta mahali pengine. Wala tusidanganyane kwamba shimo la parokia ya mjini litajaza visima vya Makutupora. Kila bonde lina hesabu yake. Shimo lako litasaidia mtaa wako. Bonde la Makutupora linahitaji kitu kingine: vitanda vya mito yake visichimbwe mchanga ovyo, vilima vyake visivuliwe miti, na jiji linaloyanywa maji yake likubali kuwalipa fidia ya haki wale wanaoambiwa wasilime na wasilishe huko.

Kwa hiyo tunatoa pendekezo kwa halmashauri za walei, na tungependa lijadiliwe katika jumuiya ndogondogo kabla halijafika kwa mapadre. Parokia isichimbe kisima kirefu kipya bila bajeti ya mashimo ya kurudishia maji ndani ya mkataba ule ule. Parokia yenye kisima inachouza maji itenge sehemu ya mapato, hata shilingi kumi kwa dumu, kwa ajili ya mashimo, kwanza katika viwanja vyake, halafu katika nyumba za wasiojiweza walio jirani. Gata za kanisa zisafishwe kabla ya Majilio, maana kwetu Majilio na mvua hufika pamoja. Na kila jumuiya ijue shimo lake, kama ijuavyo zamu yake ya kupamba altare, kwa sababu shimo lisilo na mtu wa kulizibua huwa kaburi la kokoto ndani ya miaka mitatu.

Jambo la mwisho halina gharama. Hatungejua lolote juu ya Makutupora kama wasingekuwapo watumishi waliokwenda kushusha kipimo ndani ya visima vile, mwezi baada ya mwezi, kwa zaidi ya nusu karne, na kuandika namba katika daftari. Visima vingi vya Kanisa havina daftari la namna hiyo. Tunajua bei ya pampu na jina la mfadhili, lakini hatujui maji yako mita ngapi chini. Atafutwe kijana mmoja wa kila parokia, apewe kamba ndefu yenye alama na uzito mwishoni, na tarehe moja ya kila mwezi, asubuhi kabla pampu haijawashwa, apime na kuandika. Aanze mwezi ujao, wakati bado ni kiangazi, ili namba ya kwanza iwe ile ya chini kabisa.